Siku Moja Kwale: Mjadala Kuhusu Ziara za Mashambani Kutoka Ganjoni

Mwongozaji: Ziara ya siku moja kutoka Ganjoni kwenda mashamba na vijiji vya Kwale humvusha mtu wa kisiwa cha Mombasa hadi ng'ambo ya Likoni akiwa na anayejua njia, lugha na wenyeji. Gari huondoka asubuhi, likavuka kwa feri, likapita Ng'ombeni na Waa, likakunja Kombani na kupanda hadi mji wa Kwale. Hapo kuna Hifadhi ya Taifa ya Shimba Hills, iliyotangazwa mwaka 1968, mahali pekee nchini Kenya penye palahala wa asili. Ndani yake kuna maporomoko ya Sheldrick, ya mita 21 hivi. Kandokando ni mashamba ya minazi, mikorosho, michungwa na biksa, ule mti wa maganda mekundu yenye manyoya magumu ambao mbegu zake hutoa rangi ya chakula. Wapo watu wa Ganjoni wanaoziona taa za Likoni kila usiku na ambao hawajawahi kupita Diani. Ziara ndiyo inayowafikisha.

Mkulima: Inawafikisha saa ambayo hakuna cha kuona. Mkulima wa Kwale huingia shambani alfajiri, jua likiwa bado halijakolea, na ikifika saa nne kazi nzito imekwisha. Gari la ziara hufika saa nne na nusu, pengine saa tano. Wageni hawakuti kazi. Wanakuta watu wanaopumzika, na watu hao huombwa waanze upya. Mkwezi aliyekwisha kushusha nazi zake hupandishwa mnazi mara ya pili ili apigwe picha. Mama aliyekuwa akishona makuti tangu asubuhi huombwa achukue ufito mwingine, akunje majani juu yake moja baada ya jingine, apitishe ukamba polepole kuliko kawaida, ainue uso, atabasamu. Si uongo, maana ndivyo makuti yanavyoshonwa. Lakini mgeni hurudi kisiwani akiamini ameiona siku ya kijiji, na siku hiyo ilikwisha kabla hajafika.

Mwongozaji: Mama, kazi kuonyeshwa mara ya pili haina ubaya. Mkwezi hulipwa kwa mnazi au kwa hesabu ya nazi, na bei ya nazi ikianguka naye huanguka nayo. Mnazi mmoja anaoupanda mbele ya wageni waweza kumletea zaidi ya minazi kadhaa ya alfajiri. Tena kijana anayeuona ukwezi ni kazi ya wazee hubadili mawazo anapoona mtu ametoka mbali kuuliza mguu unakanyaga wapi na mkono unashika wapi. Zanzibar wamelijua hilo siku nyingi. Ziara ya viungo imewalisha wengi Unguja, kuanzia dereva hadi mtoto wa shule anayesuka kofia za majani ya mnazi.

Mkazi wa Ganjoni: Zanzibar ndiyo inayotakiwa kuwatia watu wasiwasi. Ziara ya viungo huenda Kizimbani na Kidichi, karibu na mji, mara nyingi ikipitia hamamu ambayo Sayyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi mwaka 1850. Mgeni hunusishwa karafuu, mdalasini, hiliki na vanila, huvikwa kofia ya majani, hununua vifuko, huondoka. Sasa, karafuu yenyewe iko wapi? Kimbunga cha mwaka 1872 kiliiangusha mikarafuu ya Unguja, ya Pemba kikaiacha, na tangu hapo Pemba ndiyo yenye sehemu kubwa ya zao hilo. Mchumaji wa Pemba, anayepanda mkarafuu msimu ukifika na kuanika mavuno juu ya majamvi, hayumo kabisa katika ziara. Ziara ilifuata hoteli, haikufuata zao. Bustani nyingi za viungo zina mti mmoja au miwili ya kila aina, iliyopandwa kwa ajili ya kuonyeshwa. Kwale nako mambo ni hayohayo: kijiji kinachotembelewa ni kile kilicho karibu na hoteli za Diani. Kinango, ambako ukame ndio habari kubwa ya mkulima, hakuna anayepelekwa.

Mwongozaji: Siku ina saa zake, na Kinango haiwezi kusogezwa. Bustani ya kuonyesha ni darasa, na darasa halilaumiwi kwa kuwa si shamba. Ufaransa kuna mfano. Kila Juni na Julai watu hutoka Marseille na Avignon kwa mabasi kwenda kuona mashamba ya lavenda kwenye uwanda wa Valensole, katika jimbo la Provence. Hukaa saa moja au mbili, hupita vijiji viwili vitatu vya mawe, hununua sabuni na chupa ya mafuta, jioni wamerudi. Hakuna anayewaambia kwamba hawajaijua lavenda mpaka wakae mwaka. Kwa nini mtu wa Ganjoni awekewe sharti gumu kuliko hilo kwa safari ya kilomita thelathini hivi?

Mkulima: Kwa sababu Valensole kinachotazamwa ni ua. Mkulima wa kule hulima apate mafuta ya kunukia. Wageni waje wasije, mafuta yana soko lake. Kinachopigwa picha ni mistari ya zambarau inayokwenda hadi mwisho wa macho, na mistari haina uso. Kwale hakuna shamba linalogeuka rangi kwa majuma machache likawatosha wageni. Kuna muhogo, mahindi, kunde, mikorosho isiyo na umbo la kupendeza. Macho ya mgeni yakikosa cha kutazama shambani huhamia uani: jikoni, kisimani, kwa mtoto aliyevaa shati la kaka yake. Hapo ndipo peremende hutolewa mfukoni, na simu nazo. Baada ya miezi michache watoto wa kijiji hicho hulikimbilia kila gari jeupe, siku za shule zikiwemo.

Mwongozaji: Hoja ya picha ni ya haki, na haina mpinzani. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa, picha ikiwa mojawapo. Mwaka 2023 shule moja nchini Kenya ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kubandika picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Mwongozaji mzuri husema ndani ya gari, kabla ya kushuka: watoto hawapigwi picha, peremende hazigawiwi, mwenye zawadi aikabidhi shule. Sheria ya Utalii ya mwaka 2011 nayo inataka biashara hizi ziwe na leseni, kwa hiyo kuna mtu wa kushtakiwa. Anayekuja peke yake na simu yake, nani atamzuia?

Mkazi wa Ganjoni: Anayekuja peke yake huzuiwa na haya. Matatu za Kwale hupakia Likoni, ukishateremka tu kwenye feri. Ndani yake mtu hukaa bega kwa bega na wanaorudi kutoka Kongowea na Marikiti wakiwa na makapu matupu, na kabla ya kufika Kombani amekwisha kuulizwa yeye ni wa nani na anakwenda kwa nani. Hana kioo cha kujifichia wala kundi la kumpa ujasiri wa kuinua simu mbele ya mtu anayekula. Njaa ikimshika hula palipo na chakula: sima, mtsunga, samaki wa kukaanga, na pesa anampa aliyepika. Abiria wa ziara hulishwa Diani, hotelini, kwa kuwa kampuni inaogopa tumbo la mteja. Ukiichambua bei ya ziara utakuta mafuta ya gari, ujira wa dereva, kiingilio cha hifadhi, chakula cha hoteli na faida ya kampuni. Kijiji kimeachiwa bakshishi.

Mwongozaji: Na huyo wa matatu kijiji anakiachia bei ya sahani moja. Ziara yenye watu kumi, hata kwa bakshishi, huacha zaidi. Tena si kila mtu anaweza kupanda matatu akauliza njia. Mzee wa miaka sabini hawezi, wala mama mwenye watoto watatu. Ziara si ya wageni wa hoteli pekee. Mtoto aliyezaliwa Ganjoni hunywa maji ambayo sehemu yake hutoka chemchemi za Marere, ndani ya Shimba, na visima vya Tiwi. Ni haki yake kuuona msitu unaoyahifadhi maji hayo, na hakuna basi la umma la kumfikisha kwenye chemchemi.

Mkulima: Basi aonyeshwe na bomba. Wapo wanaoishi karibu na msitu huo ambao bado wanateka maji mtoni kwa mitungi, huku bomba la mjini likipita. Hilo halimo katika ratiba ya ziara yoyote, na mtoto wa Ganjoni angelielewa upesi kuliko habari za palahala.

Mzee wa kaya: Mmezungumza kana kwamba kijiji hakina mlango, na kilichobaki ni kuamua gari lipi liingie. Wagiriama wa Kilifi walijifunza kwa uchungu. Kigango, nguzo ya mbao inayochongwa kwa heshima ya mzee aliyefariki, husimamishwa na hakiondolewi. Ikibidi kuhama, kigango hubaki. Miaka ya sabini na themanini vigango viling'olewa usiku, vikaishia kwa wauzaji wa vinyago mjini, na kutoka hapo vikavuka bahari. Familia moja iliibiwa viwili mwaka 1985. Vilionekana katika makumbusho mawili ya Marekani, kimoja Illinois na kingine Virginia, na kurudi kwake kulichukua hadi mwaka 2007. Mnunuzi wa ng'ambo hakujua njia ya boma lile. Aliyejua njia ni kijana wa papo hapo aliyekwisha kuona kwamba kuna mtu mjini anayelipia. Kila mgeni anayeshangilia kitu mbele ya kijana asiye na kazi anakitangazia bei, awe amekuja na mwongozaji au kwa matatu.

Mwongozaji: Mzee, kosa la wezi wa vigango halifai kumwangukia mama wa Ganjoni anayetaka wanawe waone mnazi ukipandwa.

Mzee wa kaya: Halimwangukii. Linaonyesha kwa nini lango linahitajika, na lango lipo. Kaya Kinondo, msitu mtakatifu kusini ya Diani, ilianza kupokea wageni kwa utaratibu mwaka 2001. Kaya za Wamijikenda ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, na Kinondo imo. Lakini masharti yake hayakuandikwa na UNESCO. Mgeni hufungwa kaniki nyeusi kiunoni kabla ya kuingia. Hachumi jani, haokoti jiwe, habusu mtu ndani ya msitu. Anayemtembeza ni Mdigo wa pale pale, ndiye anayejua mti upi ni dawa ya nini na upi hautajwi. Zipo sehemu ambazo mgeni hafikishwi, hata awe nani. Waziri akija hufungwa kaniki, mwanafunzi akija hufungwa kaniki. Pesa hulipwa langoni, kwa wenyewe. Hapo mgeni anajua kwamba ameingia kwa watu.

Mabishano haya, yanaposikika Ganjoni, kwa kawaida hukwama hapa, kwa sababu Kinondo hukubaliwa na pande zote na kisha kila upande huifanya shahidi wake. Swali gumu zaidi ni la vijiji ambavyo si kaya: havina msitu mtakatifu, havina uzio, wala mila inayomlazimisha mgeni avae kitu.

Mwongozaji: Ndiyo shida yenyewe. Kinondo ina kamati. Katika kijiji cha kawaida, makubaliano yafanywe na nani? Na chifu? Na mzee wa mtaa? Na mwenye boma kubwa lililo kando ya barabara? Kampuni ikimlipa mmoja, jirani hunung'unika. Ikiwalipa wote, ziara haina faida. Kwa hiyo wengi humlipa mwenye boma la barabarani, na lawama huja hata kwa aliyejitahidi.

Mkazi wa Ganjoni: Kwale yenyewe ina majibu mawili. Katikati ya miaka ya 1990, Wadigo na Waduruma wa Mwaluganje, ambao mahindi yao yalikuwa yakiliwa na tembo wa Shimba, waliunganisha ardhi yao ikawa hifadhi, na mapato ya lango yakagawiwa wenye ardhi. Kinyesi cha tembo kikatengenezewa karatasi. Jibu la pili ni Gazi. Wanawake wa kijiji walijenga njia ya mbao ndani ya mikoko, na mgeni hulipa apite juu yake bila kukanyaga mizizi. Pamoja na hiyo, tangu mwaka 2013 mradi wa Mikoko Pamoja wa Gazi na Makongeni unalinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya ukaa inayofyonzwa na miti hiyo. Mapato yamekwenda kwenye maji na vitabu vya shule. Mgeni asiyetoka Ganjoni leo hauzuii mkoko kukua. Ziara pale ni nyongeza juu ya kitu kingine.

Mkulima: Tofauti ya hivyo viwili ndiyo ya kuangaliwa. Mwaluganje iliwekwa mikononi mwa wageni. Ghasia za Likoni zilipotokea Agosti 1997 hoteli zilibaki tupu. Zikabaki tupu tena baada ya uchaguzi wa mwishoni mwa 2007, zikabaki tupu 2014 nchi za Ulaya zilipowaonya raia wao, zikafungwa 2020 kwa korona. Mwaka wa hoteli tupu mgao wa lango hupungua, na tembo hapunguzi anachokula. Mtu aliyeacha kulima kwa ajili ya lango hana pa kurudi msimu huohuo. Gazi ina mikoko, ina samaki, na ina wageni mwishoni. Kwa hiyo ziara inayomwambia mkulima aliweke shamba lake safi kwa ajili ya picha, apande maua mahali pa kunde, au abaki nyumbani Jumamosi akingoja gari ambalo huenda lisije, inamdhuru hata ikimlipa. Ziara ifuate shamba. Mgeni wa Januari aone korosho zikiokotwa na kutenganishwa na bibo. Mgeni wa masika aone palizi, na kama hapendi matope asije masika.

Mwongozaji: Hayo ya msimu yanaweza kuandikwa kwenye tangazo. La saa ndilo gumu. Kufika shambani saa moja asubuhi kunataka kuondoka Ganjoni saa kumi na moja, na foleni ya feri haina ahadi.

Mkazi wa Ganjoni: Siku hizi ipo barabara ya Dongo Kundu. Gari hutoka kisiwani kwa Makupa, likaelekea Miritini, likatokea Kibundani bila kupanda feri.

Mwongozaji: Ni mzunguko mrefu, na mafuta yake humwangukia mteja. Hata hivyo familia yenye watoto haitoki kitandani saa kumi.

Mkulima: Wasitoke. Ratiba igeuzwe. Wanyama wa Shimba huonekana asubuhi kuliko mchana, kwa hiyo hifadhi iwe ya kwanza na kijiji kiwe cha alasiri. Kuanzia saa tisa kazi huanza tena: mbuzi hurudishwa, mboga humwagiwa maji, muhogo hung'olewa wa chakula cha usiku, nazi hukunwa. Hakuna atakayeombwa kurudia kitu. Na chakula cha mchana kiliwe Kwale mjini, kwa mama ntilie aliyepewa taarifa tangu jana. Watu kumi ni wengi uani, sita wanatosha.

Mwongozaji: Kugeuza ratiba kunawezekana, wala hakugharimu kitu. Chakula cha Kwale pia kinawezekana, jiko likikaguliwa. Watu sita, hapana: gari la watu kumi likibeba sita, bei hupanda kwa theluthi na zaidi, na mtu wa Ganjoni atakayeimudu ni yuleyule aliyekwisha kuzunguka. Mtumishi wa bandarini na mwalimu wa shule wataachwa.

Mzee wa kaya: Na kijiji kikisema leo hapana? Kuna msiba, watu wamekaa matanga.

Mwongozaji: Mteja amekwisha kulipa.

Mkulima: Arudishiwe sehemu ya kijiji, na sehemu hiyo iandikwe kwenye risiti tangu mwanzo, peke yake, ionekane. Itamjulisha pia kijiji kililipwa ngapi.

Mwongozaji: Kwa kundi la Ganjoni linalolipa siku hiyohiyo, sharti hilo linaweza kujaribiwa. Kwa abiria wa meli za kitalii zinazotia nanga Kilindini haliwezekani: wamelipa miezi kabla, kwa wakala aliye ng'ambo, na meli inaondoka jioni.

Mkulima: Basi hao wapelekwe palipo na lango na kamati, Kinondo au Gazi. Vijiji visivyo na kamati viachiwe wageni wanaoweza kuambiwa hapana.